Treni ya Kumi na Moja na Robo

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Ofisini wananiita Dakika, kwa sababu mtu akichelewa dakika moja nitamwambia, na akichelewa mbili nitamwambia mpaka jirani asikie. Kwa hiyo mkisikia kwamba siku ile sikupiga kelele, sikurusha kitu wala sikumvaa mtu, msidhani ni uungwana. Nilikauka tu. Hata tusi moja halikuja.

Ngoja nianze na kazi, maana bila kuijua kazi yetu hamtaelewa nilivyoingizwa mjini kwa kupelekwa kijijini.

Sisi ndio tunaochora ratiba ya treni. Watu hudhani ratiba huandikwa. Wapi! Huchorwa kwanza, kwenye karatasi pana kama shuka: saa zimepangwa juu, vituo vimepangwa pembeni, na kila treni ni mstari mmoja unaoshuka kutoka jijini hadi mji wetu ulioko mwisho wa reli. Treni ikisimama mahali, mstari unalala kidogo, kama ngazi. Ikipita bila kusimama, mstari unanyooka. Mtu anaweza kukaa miaka ishirini akipanda treni na asijue kwamba kusimama kwa treni yake asubuhi ni kidato kimoja cha penseli.

Wachoraji tuko wawili. Mimi nachora za asubuhi, na mwenzangu, ambaye tunamwita Rula, anachora za jioni. Rula hata kitunguu anakikata kwa kukipima. Tumekaa chumba kimoja miaka kumi na moja, migongo imeelekeana, kifutio kimoja tunarushiana. Nikiumwa alikuwa anajua kabla ya mimi kujua. Baba alipofariki ni yeye aliyekaa na mama wiki nzima, akimlisha kwa kijiko. Watu walikuwa wanatuita chanda na pete, na mimi nilikuwa nafurahi kuitwa hivyo.

Ofisi yetu ina sheria moja: penseli haisemwi. Mchoro ukiwa bado ni wa penseli, haujasainiwa, humwambii mtu yeyote na humchungulii mwenzako. Zamani karani mmoja aliropoka, watu wakakimbilia viwanja mahali ambapo treni haikuja kusimama hata siku moja. Tangu hapo ikawa sheria, na mlinzi wake mkubwa ni mimi. Mdogo wangu wa kiume alipofungua kibanda cha kukodisha baiskeli kwenye kituo fulani kidogo, mimi nilikuwa nimeshaifuta treni yake ya asubuhi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikanyamaza. Baada ya miezi minne akafunga kibanda, na mpaka leo salamu zake kwangu ni za kuhesabu. Rula aliniambia wakati ule, "Dakika, wewe una roho ngumu." Nikamjibu kwamba penseli ni penseli. Nilijiona mtu wa maana kweli.

Basi. Mwanzoni mwa mwaka mwenye nyumba wetu kule jijini akatuambia anaitaka nyumba yake, mwanawe anaoa. Akatupa miezi miwili. Na mimi siko peke yangu, niko na mama. Mama haoni. Ni mtu wa maneno mengi, mcheshi, anakujua kwa nyayo kabla hujabisha hodi, lakini haoni, na peke yake hakai, ndiyo maana kila siku ya kazi jirani alikuwa anakaa naye. Mwaka juzi nilimwacha saa moja tu, nikaenda kwenye kikao cha ofisi. Alitaka kunichemshia maji ya kuoga nikirudi. Nilimkuta ameketi chini, mkono wa kushoto umebabuka mpaka kwenye kiwiko, na anacheka ili nisiogope. Nikaapa siku ile kwamba mama hatakaa tena saa moja bila mtu, maadamu mimi niko hai.

Jijini kodi zilishapanda, hatukuweza tena kupanga. Tukasema twende mwisho wa reli, kwenye mji ule na vijiji vyake, kama wenzetu wote wanaofanya kazi jijini. Rula naye alikuwa anatafuta. Alikuwa anaishi kwa kaka yake, na wifi yake alimpa kochi la sebuleni. Kila alfajiri anakunja shuka kabla wifi hajaamka, analificha nyuma ya kabati, kana kwamba hakulala mtu pale. Miaka tisa hiyo. Alikuwa ananisimulia huku anacheka, na mimi nacheka naye.

Kila Jumamosi tulipanda treni watu watatu, mimi, Rula na mama, tukaenda kuangalia nyumba. Jamani tuliona mambo! Kuna kijiji kimoja nyumba ilikuwa nzuri, bati jipya, ila nyuma yake kuna machimbo ya mawe. Tulikaa ndani robo saa, tukatoka tumepakwa unga kama maandazi. Kingine mwenye nyumba alitutembeza vyumba vyote isipokuwa kimoja, na tulipouliza akasema kile ni cha mama mkwe wake, yumo, na anakuja pamoja na nyumba. Mama alicheka njia nzima. "Mngemchukua," akasema, "nami nipate mtu wa kugombana naye."

Mjini kwenyewe tuliona moja tu ya maana. Vyumba viwili vya chini, mlango unafungukia barabarani, dakika tano kutoka stesheni kwa mguu. Mbele yake kuna fundi wa kuchomelea vyuma, kelele mtindo mmoja, lakini hakuna ngazi, na bomba liko ndani. Moyo wangu ulitua pale pale. Nikamwambia Rula, "Hii hapa. Hii ndiyo yangu." Rula akapita na kidole chake kwenye kizingiti cha dirisha, polepole, kama anapima. Akasema, "Tusiwe na haraka. Mama atapasuka kichwa na zile nyundo. Kimebaki kijiji kimoja, tukione kwanza."

Tukakiona Jumamosi iliyofuata. Kituo chake ni kidogo, cha pili kutoka mwisho, kina benchi moja na taa moja. Nyumba iko pale pale ng'ambo ya reli, ina baraza refu linalotazama treni. Pembeni anakaa fundi cherehani mmoja, mwanamke mjane, ambaye alisema anaweza kuleta cherehani yake kwenye baraza letu na kushona pale kutwa nzima, akimwangalia mama. Ila saa kumi na mbili jioni lazima aondoke, kwa sababu ana zamu ya usafi kwenye kiwanda cha mbao.

Nikapiga hesabu za saa, hiyo ndiyo kazi yangu. Treni ya kumi na moja na robo kutoka jijini inasimama kijijini pale saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Dakika nne za kutembea. Fundi anakunja cherehani, mimi naingia. Inatosha. Zinabaki dakika sita tu, lakini inatosha.

Bado nilisita. Nilikuwa naiwaza ile ya mjini. Ndipo Rula akamshika mama mkono, akampandisha barazani, akaanza kumhesabia hatua. "Mama, kutoka mlangoni mpaka kwenye nguzo ni hatua kumi na mbili. Shika hapa. Sasa geuka." Mama akageuka, upepo ukampiga usoni, akatabasamu. Mimi nimekaa na mama miaka yote ile, sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu macho yamwishie. Rula akanijia, akanishika na mimi mkono, akanionyesha ng'ambo ya reli. "Unaona benchi lile? Utashuka pale na mama atakusikia unakuja. Mjini utampa nini, Dakika? Kelele?"

Nikatia sahihi mkataba siku hiyo hiyo. Mwaka mmoja. Tarehe saba.

Wiki iliyofuata Rula akaniambia ile nyumba ya mjini bado iko wazi, na yeye ameamua kuichukua, ni bahati tu. Nilimkumbatia. Nilifurahi kama nimepata mimi. Jumapili nikaenda kumpigia deki vyumba vyote viwili, nikiwa nimepiga magoti, na nikamtundikia mapazia. Alikuwa amesimama mlangoni pake anaufunga na kuufungua ule mlango, anaufunga na kuufungua. Nilidhani analia kwa furaha.

Wiki tano zile zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mama aliijua nyumba kuliko mimi. Alikuwa ananiambia, "Usiache ndoo kwenye hatua ya nane." Jioni nikishuka tu, namsikia anamwambia fundi, "Kunja, mwanangu huyo." Na kila siku ananiuliza, "Rula hajambo? Mwambie aje. Nimemwekea kiti."

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Mchoro ukishakubaliwa na mkuu wa ofisi, unapigwa wino. Na wa kupiga wino si yule aliyechora. Mwenzake ndiye anayepiga, ili macho mapya yaone makosa. Mimi ninatia wino jioni zake, yeye anatia wino asubuhi zangu. Miaka kumi na moja ndivyo tunavyofanya. Asubuhi ile Rula akaniletea karatasi yake, akaiweka mezani kwangu, akasema anakwenda kuchukua chai. Sisi hatuletewi chai, huwa tunaifuata pamoja. Sikujali.

Nikafungua kalamu. Nikashuka na treni ya kwanza, ya pili. Nikafika ya kumi na moja na robo. Kalamu ikaanza kushuka, kituo cha kwanza, kidato, cha pili, kidato. Nikafika kwenye kijiji changu. Hakuna kidato. Mstari umenyooka mpaka mjini.

Nikadhani amesahau. Wallahi nilichukua kifutio kumsaidia. Halafu nikaona alama. Penseli ikifutwa haiishi yote, mtu wa kazi hii anaiona. Kidato kilikuwepo, na kilifutwa. Pembeni, mahali tunapoandika herufi zetu na siku ya badiliko, Rula ameandika kwa mwandiko wake ule ulionyooka: treni ifike mjini mapema kwa dakika nne, kituo kimoja kiondolewe. Herufi zake. Tarehe nne.

Mkataba wangu ni wa tarehe saba, mwezi huo huo.

Karatasi ile ilikuwa nyuma ya mgongo wangu, hatua moja, muda wote tulipokuwa tunazunguka vijijini. Ningegeuka tu. Mtu mwingine yeyote duniani mwenye mama asiyeona angegeuka akachungulia. Mimi sikugeuka, kwa sababu mimi ndiye mlinzi wa sheria.

Akarudi na vikombe viwili. Aliponiona akaviweka chini.

"Ulijua," nikamwambia.

"Dakika..."

"Ulijua, ukamshika mama yangu mkono ukamhesabia hatua."

Hakukataa, hilo nampa. Akakaa kwenye kiti chake, lakini safari hii akakigeuza, tukatazamana. "Mkuu alisema kituo kimoja kitoke. Nilichagua kile kwa sababu abiria wake ni wachache. Hata hatukuwa tumekiona bado. Naapa."

"Na tulipokiona?"

Akaviangalia vile vikombe.

"Kifutio kilikuwa mezani kwako, Rula. Ungekirudisha kile ukatoa kingine. Vilikuwa vituo vinne vya kuchagua."

"Vingine vina watu."

"Mimi si mtu?"

"Penseli haisemwi," akasema. "Ni wewe uliyenifundisha. Mdogo wako ulimwacha akafungua kibanda. Nilikuuliza, ukanijibu penseli ni penseli. Sasa mimi nifanye nini?"

Neno lile lilinichoma, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Nililiacha linichome mpaka mwisho, halafu nikamjibu. "Mdogo wangu nilimnyamazia, na nitaulizwa. Lakini sikumpeleka pale. Sikumwambia hapa pazuri, weka baiskeli zako hapa. Wewe ungeninyamazia tu, ningechukua ya mjini, yakaisha. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili nikuachie nyumba."

Ndipo akalia. Akasema miaka tisa amelala kwenye kochi la mtu. Akasema alipoona mlango ule unafungukia barabarani alijua hataupata mwingine, na kwamba kama angesema anautaka, mimi ningesema mama, mama, mama, na yeye angerudi kwenye kochi kama kawaida, kwa sababu asiye na mama kipofu hana hoja. "Ungeniomba," nikasema. Akasema, "Ungenipa?"

Sijui kama ningempa. Hilo nalo amenipora, maana sitalijua tena kamwe.

Nilikwenda kwa mkuu wa ofisi. Akasikiliza, akasikitika, akasema ameshatia saini, na mchoro mwingine ni baada ya miezi sita. Akaniuliza kwa upole, "Si utie wino, mama? Wapiga chapa wanasubiri." Nikarudi mezani nikatia wino. Mstari ulinyooka kuliko yote niliyowahi kuchora, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi.

Nyumbani nikamweleza mama kwamba treni haitasimama tena. Nitapitilizwa mpaka mjini, nitangoja basi la kurudi, nitafika saa moja na nusu. Fundi cherehani akasema aliwahi kuomba kiwandani wambadilishie zamu, wakakataa. Akashika kichwa, akaniomba radhi yeye, ambaye hana kosa. Nikasema nitaacha kazi. Mama akakasirika, na hasira zangu mimi nimezirithi kwake.

"Uache kazi tule nini, baraza? Nitakaa kwenye kiti changu. Sitashika jiko, sitashika maji, sitainuka. Treni ikipita nitaisikia, nitajua umo ndani. Nitapunga mkono. Ukiuona mkono, ujue mimi mzima. Halafu nitakungoja hilo basi lako." Akafikiri kidogo. "Rula naye hakujua? Angejua angekwambia. Hebu muulize, mwanangu. Yule ana akili, atakutafutia njia."

Nikasema nitamwuliza. Mama ana watu wawili tu anaowangoja barazani pale, na sikuweza kumwondolea mmoja siku ile ile niliyomwondolea treni.

Ratiba mpya ikaanza Jumatatu. Nikapanda ile ya kumi na moja na robo kama kawaida, nikakaa dirishani, upande wa nyumba yetu. Behewa likajaa. Rula akaingia mwisho, akaangaza macho, na nafasi iliyobaki ilikuwa kando yangu. Akakaa. Yeye kashika ufunguo wake mkononi, ule wa mlango wa mjini. Hakuutia mfukoni njia nzima.

Tulipokaribia kijijini nilitega sikio nisikie breki, ingawa mstari niliutia wino mwenyewe. Miaka yote hiyo nimechora treni zinazopita vituo bila kusimama, na sikuwahi kukaa ndani ya moja nikiwa na mtu nje. Benchi likapita. Taa ikapita. Halafu nikaliona baraza.

Cherehani ilikuwa imefunikwa, kwa sababu fundi alishaingia kwake kujiandaa kwa zamu. Kando ya kiti cha mama kulikuwa na kiti cha pili, kitupu, kile alichomwekea Rula. Mama alikuwa amesimama, alivunja ahadi ya kutoinuka. Ameishika nguzo, hatua ya kumi na mbili, uso kaugeuzia pasipo, mbele kidogo ya tulipo, kwa sababu kwa kasi ile, ambayo hakuizoea, sikio lake limekimbia na injini. Mkono ameuinua juu, ule wa kushoto, wenye kovu. Anapunga. Anapungia behewa ambalo limeshapita.

Pembeni yangu nikahisi kitu kinainuka. Rula alikuwa ameinua mkono wake, na ufunguo umo ndani, anampungia.

Nikaushika mkono ule kwenye kifundo. Nikaushusha, taratibu, mpaka mapajani pake, nikaukandamiza pale mpaka baraza likaisha.

"Huyo ni mama yangu," nikamwambia.

Treni ikafika mjini dakika nne mapema, kama ilivyochorwa. Rula akashuka kwenda nyumbani kwake, mimi nikaenda kusimama kwenye foleni ya basi.